Santuri Zisizolala Zizi Moja

Liberatus aliingia Ilomba, Mbeya, amevaa suruali ya bugaluu iliyokuwa ikifagia tope la njia nzima, kamera imening'inia kifuani, na nusu ya mtaa inamfuata nyuma. Alikuwa kijana wa Mlandege, Iringa. Kazi ya kupiga picha za sinema alijifunzia Dar es Salaam, kwa kuwabebea mizigo watu walioijua, kisha akajinunulia kamera yake kuukuu ili asiwepo mtu wa kumwamuru apige nini na aache nini. Siku hiyo alikuwa anamtafuta Bujiku Mihayo, dereva wa lori, ambaye kuanzia Tunduma hadi Iringa alisifiwa kwamba ana santuri za fanki kuliko mtu mwingine yeyote aliyewahi kukanyaga barabara ya Zambia.

Bujiku alimpokea vizuri, maana hakuwa mtu wa kununa. Mkewe, Regina, akaleta chai na viazi vya kuchemsha. Walipokwisha kula, Liberatus akajifuta mikono, akaifungua kamera, akasema, "Haya, kaka. Nionyeshe hizo santuri."

Bujiku akaingia chumbani, akatoka na santuri moja, akaiweka mezani.

"Na nyingine?"

"Nyingine hazipo hapa."

"Zipo wapi?"

"Kwa watu."

Liberatus akamgeukia Regina kuomba msaada. Regina akaangua kicheko. "Usinitazame mimi, shemeji. Mimi nilijua nimeolewa na mtu mwenye muziki, nitacheza mpaka nichoke. Sasa nikitaka kucheza naenda kwa fundi cherehani, nasimama mlangoni kama jirani mwingine yeyote."

"Lakini shangazi yangu Kalista aliniambia ile santuri anayoipiga kilabuni kwake Mlandege ni ya kwako," Liberatus akasema. "Nikadhani umemwazima."

"Sijamwazima," Bujiku akajibu, amekasirika kidogo. "Nimeiweka kwake. Kuazima ni kitu kingine."

Asiyezaliwa na wafugaji hawezi kulielewa jambo hili bila kuelezwa. Mzee Mihayo, baba yake Bujiku, alihamia mbuga za Usangu akitokea Usukumani na kundi kubwa la ng'ombe, lakini ungepita kwenye zizi lake usingewaona hata nusu. Wengine walikuwa kwa shemeji yake, wengine kwa rafiki ng'ambo ya mto, wengine kwa mtu wa mbali aliyefahamiana naye mnadani tu. Maradhi yakiingia zizi moja, au wezi, mazizi mengine yanabaki salama. Anayetunza ng'ombe wa mwenzake halipwi mshahara. Anakunywa maziwa, anatumia samadi, na ng'ombe akizaa vizuri anapewa mtamba wake mwenyewe. Ng'ombe akifa, mtunzaji anampelekea mwenye mali ngozi, ili aone kwa macho kwamba hakuliwa kwa siri. Tena watu hao wawili wanakuwa ndugu, wanazikana, wanaozeshana. Kwa hiyo ukitaka kujua utajiri wa mtu huko kwao Bujiku, huchungulii zizi lake. Unauliza ni nani wanaomtunzia.

Bujiku alilelewa hivyo, na alipoanza kukusanya santuri hakujua utaratibu mwingine. Moja aliiweka kwa Yotamu, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Nyingine zilikaa kwa mwalimu wa Igawa, kwa fundi baiskeli wa Makambako, kwa mama muuza chai wa Mafinga, na kwa wengine wengi hapo katikati, mpaka kwa Kalista, Mlandege. Maziwa yake yalikuwa muziki. Mtunzaji aliipiga atakavyo, akawaalika wageni awatakao, na kama mgeni alinogewa hata akaleta santuri mpya, hiyo ilikuwa ndama, ikazungumzwa kwa heshima ikae wapi. Yotamu aliwahi kuisahau moja dirishani, jua likaipata, ikajikunja kama chapati. Hakuitupa. Aliifunga kwenye kitambaa safi, akavaa koti lake la kanisani, akaipeleka kwa Bujiku uso umemshuka. Bujiku akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku, akasema, "Imekufa kifo chake, kaka. Pole." Kesho yake akampelekea nyingine.

Liberatus aliyasikiliza yote hayo mdomo wazi. Kisha akakumbuka kazi iliyomleta.

"Kaka, ni maneno mazuri sana, lakini kamera yangu haina masikio. Inaona tu, haisikii. Na mikanda niliyonayo ni michache. Nikionyesha santuri moja mezani, nani ataamini? Zikusanye zote. Tuzipange chumba kimoja, ukuta mzima, wewe ukae katikati. Mtu akitazama tu, aseme, naam, huyu ni mkubwa."

Bujiku akazungusha kikombe. Halafu akauliza swali ambalo Liberatus hakulitarajia.

"Hiyo sinema yako inaweza kuonyeshwa Usangu?"

"Popote penye shuka jeupe na giza."

"Basi nitazikusanya."

Regina aliacha kucheka hapohapo. Yeye peke yake ndiye aliyejua mumewe anawaza nini.

Bujiku alipokuwa mtu mzima, baba yake alimgawia fungu lake la mafahali, kama alivyowagawia ndugu zake. Ndugu zake walikwenda kuongeza mifugo. Bujiku alikuwa amekwisha kupata kazi ya utingo kwenye lori la kubeba shaba, na siku moja, mjini Kitwe, alipita mbele ya duka lililokuwa linapiga santuri. Gitaa lilikuwa linaongea kama mtu aliyebanwa pua. Ngoma zilikuja pale usipozingoja, na besi ilitembea tumboni. Aliganda pale mlangoni mpaka dereva wake akaja kumshika mkono kama mgonjwa. Aliporudi nyumbani akauza fahali wa kwanza, akanunua gramafoni ya betri. Waliofuata waligeuka santuri mmoja baada ya mwingine. Alinunua za Kitwe na Ndola, akanunua za Nairobi, akanunua na za Lagos zilizopita mikono mingi mpaka karatasi ya katikati haisomeki. Madereva wenzake walinunua redio na saa. Yeye alikuwa tayari kulala na njaa Tunduma kwa ajili ya santuri ndogo yenye nyimbo mbili. Watu walimwita chizi, naye hakuwahi kubishana nao. Alipopata udereva alikuwa anaendesha anapiga mluzi zile besi, na utingo wake akajifunza kuzijibu.

Lakini mzee Mihayo hakucheka wala kupiga mluzi. Kwenye harusi ya mdogo wake Bujiku, wageni walipokaribishwa kukaa, mzee alisema mbele ya watu wote, "Bujiku, wewe nenda kule kwa vijana. Huku wanakaa wenye ng'ombe." Bujiku alikuwa na ndevu na watoto. Watu wakacheka, akaenda kukaa na vijana, akala chakula chake akiwa ameinama. Tangu siku ile alikwenda Usangu kama mtu anayekimbia mvua. Alisalimia, aliacha sukari, akaondoka.

Sasa jicho moja la mzee lilikuwa limekwisha kuzibwa na mtoto wa jicho, na la pili lilikuwa njiani. Bujiku alitaka kitu kimoja tu. Alitaka baba yake aone, kabla hajaacha kuona kabisa, kwamba mwanawe hakuwatupa wale mafahali. Ukuta mzima wa santuri, na yeye katikati. Hapo mzee angesema nini?

Basi akaanza kuzikusanya. Alianzia kwa Yotamu, kwa kuwa ni jirani. Yotamu alikuwa anashona. Aliposikia kilichomleta, akasimamisha cherehani, akaingia ndani, akaitoa santuri na kumkabidhi bila neno. Bujiku akamshukuru, akaondoka na haraka zake. Juma hilo alikuwa na mzigo wa mahindi wa kupeleka Iringa, kwa hiyo akampakia Liberatus mbele, boksi la santuri katikati yao, wakaishika barabara. Mwalimu wa Igawa aliitoa ya kwake, akaenda zake darasani bila kuwakaribisha hata maji, ingawa siku zote Bujiku alipopita pale ilikuwa ni ugomvi kumruhusu aondoke kabla ya chai. Fundi baiskeli wa Makambako aliuliza, "Kwani nimefanya nini, dereva?" Bujiku akacheka, akidhani ni mzaha. Mama wa Mafinga aliifungia kwenye gazeti, akaifunga kwa kamba mafundo mengi mno. Boksi lilizidi kuwa zito, na Liberatus akazidi kufurahi. Bujiku alikuwa anaona tu jicho la baba yake.

Mlandege walifika alasiri ya Jumamosi, masika yamepamba moto, ulanzi, ile pombe ya mianzi, umejaa. Kalista alikuwa mjane mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya bonde, na kilabu chake kilipendwa kwa mambo mawili, ulanzi usiochanganywa maji na ile santuri. Alikuwa na desturi ya kuipiga kabla hajamjazia mtu kopo la kwanza, ili, kama alivyosema, watu waanze kunywa wakiwa wameshafurahi.

"Kamwene, Bujiku!" akamwamkia kwa Kihehe kabla hajashuka vizuri kwenye lori. "Boksi hilo! Umeniletea ndama?"

"Kamwene, mama. Hapana. Nimekuja kuichukua ile."

"Kuichukua."

"Ndiyo. Ni kwa ajili ya sinema ya Liberatus. Nazikusanya zote."

Kalista akaliweka chini kopo alilokuwa nalo. Wateja wakageuka, kwanza wa karibu, kisha wa mbali.

"Kwa kosa gani?"

"Hakuna kosa, mama."

"Kama hakuna kosa, mbona unaichukua? Siyo wewe uliyenifundisha? Ulikaa kwenye benchi hilohilo, ukaniambia, kwetu anayechukuliwa ng'ombe bila kosa ametukanwa mbele za watu. Nikasema haya, nimesikia, nitamtunza huyu ng'ombe wako asiyekula majani. Nimemtunza. Mvua ikivuja namfunika yeye kabla ya unga. Haya, watu ndio hawa. Waambie nimeiba nini."

Bujiku akawageukia wale watu. Palepale ndipo akayaona yote aliyopita bila kuyaona. Yotamu amesimamisha cherehani. Mwalimu anampa mgongo. Yule fundi baiskeli hakuwa anafanya mzaha hata kidogo. Alikuwa anauliza kosa lake, naye akamcheka usoni. Njia nzima, kutoka Ilomba, mtoto wa Mihayo alikuwa anatoa ng'ombe mazizini mwa watu bila sababu, jambo ambalo hata mlevi wa Usangu asingelifanya, na alilifanya ili baba yake amwone ni mfugaji. Wangekuwa ng'ombe wa kweli asingethubutu. Kumbe pale moyoni, ndani kabisa, hata yeye alikuwa anaamini kama baba yake, kwamba zile ni sahani tu. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakamwaka moto.

Akaliweka boksi chini. "Hujaiba kitu, mama," akasema, na akasema kwa sauti, ili hata wa mwisho kabisa wasikie. "Hujanikosea hata siku moja. Mimi ndiye niliyekosa."

Wengi wetu tungetafuta maneno ya kujifunika hapo. Tungesema tulitaka kuziazima mara moja tu, kwamba mama kaelewa vibaya. Bujiku hakutafuta.

Kalista naye hakuwa wa kusamehe upesi. "Usiniombe radhi mimi peke yangu. Hizo zilizomo kwenye boksi zimetoka kwa watu. Warudishie wenyewe, halafu ndiyo uje hapa tuzungumze."

"Lakini shangazi," Liberatus akaingilia, "sinema inataka zionekane kwa wingi..."

"Wewe nyamaza, ndiye uliyemponza. Sinema si ni macho? Barabara ipo, lori lipo, na miguu unayo. Nenda ukazipige huko zinakoishi."

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Kila nyumba Bujiku aliingia na santuri mikononi, akasema mbele ya wote waliokuwapo, "Nilikuchukulia bila kosa. Nakurudishia, naomba unitunzie." Mama wa Mafinga alimkumbatia kabla hajamaliza. Fundi baiskeli alimnunia kidogo, kisha akamwambia akae. Mwalimu wa Igawa alimwingiza darasani, akamsimamisha mbele ya wanafunzi wa darasa la nne, akamtaka arudie, kwa kuwa mara ya kwanza hakutamka vizuri. Bujiku akarudia. Yotamu ndiye aliyemtesa zaidi. Alimwacha amesimama mlangoni mpaka gauni alilokuwa analishona limepigwa pindo lote, ndipo akainua kichwa, akamsalimia kwa Kinyakyusa kana kwamba ndiyo kwanza anafika, "Ugonile, jirani. Ulikuwa unasemaje?" Kisha wote wawili wakaanza kucheka, wakacheka mpaka Regina akaja kuangalia kuna nini.

Na kwa kuwa lori lilikuwa haliishi kwenda na kurudi kwenye barabara ile, Liberatus alipiga sinema yake kipande kwa kipande. Mwanzoni alinung'unika kwamba mikanda inakwisha bure. Baadaye akaacha, kwa sababu aliona mambo ambayo asingeweza kumpangia mtu. Fundi baiskeli aliigeuza baiskeli miguu juu, akazungusha gurudumu, akasimama kando yake na santuri kifuani kama mtu anayepigwa picha na mtoto wake. Mwalimu alifuta ubao kwanza. Mama wa Mafinga aliiweka santuri katikati ya vikombe vyake, kisha akaona haitoshi, akaivika kitambaa cha sherehe. Yotamu alivaa lile koti la kanisani, akacheza peke yake katikati ya mabaki ya vitambaa, mzito, makini, macho amefumba, na Liberatus akasahau kuizima kamera mpaka mkanda ukaisha. Mlandege walimaliza na Kalista. Alikuwa amewapanga wateja wake wote ukutani, yeye mbele, santuri ameishika juu kwa mikono miwili. Akamwambia Bujiku naye aingie kwenye picha.

"Mimi si wa hapa, mama."

"Ingia. Kitu chako kinalala kwangu, utasemaje wewe si wa hapa?"

Mikanda ya namna ile ilikuwa inapelekwa nje ya nchi kusafishwa, na ilichukua muda wake. Masika yakaisha, baridi ya Mbeya ikaingia mifupani. Mara mbili habari zilikuja kutoka Usangu kwamba mzee amekwisha kuanza kumwita mbuzi kwa jina la ng'ombe. Kila aliposikia hivyo Bujiku alikosa usingizi. Regina alimpikia, akamwacha aongee, akamwambia kila jioni kwamba mkanda uko njiani, ingawa hakujua zaidi yake. Hatimaye Liberatus akatokea na kopo la bati kwapani, projekta ya kukopa na jenereta ndogo iliyokuwa inakohoa kuliko kuunguruma, wakavipakia vyote kwenye lori na kuteremka Usangu.

Kijijini kwa mzee Mihayo kulikuwa na shule ya vyumba viwili, nayo ilikuwa na madirisha makubwa yasiyo na mbao. Ilikuwa saa za alasiri, na jenereta isingengoja jua lizame, maana ilikuwa imeshawashwa kwa taabu, ikizimwa huenda isiwake tena, na mafuta yalikuwa kidogo. Liberatus akakata tamaa. Wazee walipoelezwa kwamba kinachotakiwa ni giza tu, wakatuma ngozi za ng'ombe ziletwe, wakaziegemeza madirishani mpaka chumba kikawa cheusi na harufu ya zizi imekijaa. Shuka likatundikwa ubaoni. Mzee Mihayo akaketishwa mbele kabisa, karibu na shuka, uso ameugeuza upande ili atumie lile jicho lake lililobaki.

Kwa kuwa sinema haikuwa na sauti, Bujiku alikuwa amekuja na gramafoni yake na ile santuri moja aliyobaki nayo nyumbani. Picha ya kwanza ilipowaka, akaweka sindano. Gitaa likaanza kulia chumbani.

"Zima hicho," mzee akasema. "Kinanizuia kuona."

Watu wakacheka gizani. Bujiku akainua sindano, akabaki amesimama kando ya shuka. Picha zikaendelea kimya, jenereta inakohoa nje.

"Huyo ni nani?" mzee akauliza.

"Yotamu, baba. Fundi cherehani, jirani yangu Ilomba. Mnyakyusa."

"Alichoshika ni cha kwako?"

"Cha kwangu. Anakitunza."

Mzee akasogeza kiti mbele. "Unamjua baba yake?"

"Simjui."

"Na umeweka kwake." Akakaza jicho kwenye shuka. "Anapata nini?"

"Anapiga muziki, anacheza. Jirani zake wanakuja. Hayo ndiyo maziwa."

Nyuma yao wazee wengine walikuwa wameacha kucheka. Mmoja akauliza, kama mtu anayeuliza bei mnadani, "Zinazaa?" Bujiku akajibu kwamba zinazaa, na akaeleza jinsi ndama anavyogawanywa. Mwingine akauliza, "Na ikifa?" Bujiku akawasimulia Yotamu alivyoleta ile iliyojikunja imefungwa kwenye kitambaa. Wazee wakaguna kwa pamoja, mguno mzito wa kuridhika, kwa sababu jambo hilo walilielewa lote. Akaja mwalimu na ubao wake, akaja fundi na gurudumu lake. Kila uso ulipotokea, mzee Mihayo aliuliza ni nani, yuko wapi, na waliaminiana vipi, naye Bujiku akajibu. Hakukuwa na chumba kilichojaa. Kulikuwa na watu tu, mmoja baada ya mwingine, wameshika kitu cheusi cha mviringo kwa adabu.

Kalista alipotokea, ameinua santuri juu na kilabu chote nyuma yake, mzee akainuka akaenda mpaka kwenye shuka, pua karibu iliguse.

"Na huyu?"

"Mama Kalista. Wa Iringa."

"Iringa!" wazee wakasema nyuma. "Mbali huko."

Mkanda ukaisha, shuka likabaki jeupe. Mtu mmoja akataka kuondoa ngozi dirishani, mzee akamzuia kwa mkono. Alirudi kwenye kiti chake polepole.

"Nilipoambiwa unakuja kunionyesha mali zako," akasema, "nilidhani utanionyesha chumba kimejaa."

"Ndivyo nilivyotaka kufanya, baba. Nikakosea njiani, watu wakanirudisha."

"Ungenionyesha chumba ningeondoka." Akapangusa jicho kwa ncha ya shuka alilojifunika. "Bujiku."

"Baba."

"Umeweka kwa Mnyakyusa. Umeweka kwa Mhehe. Umeweka kwa mwalimu ambaye hata ukoo wake huujui. Miaka yote hii, barabara nzima." Akamgeuzia lile jicho. "Kwangu hujaweka hata moja. Mimi nilikukosea nini?"

Bujiku alikuwa na jibu. Alikuwa amelitunza kwa miaka, alikuwa analisema peke yake akiendesha lori, neno kwa neno. Lakini lilipotakiwa halikutoka. Alichokiona ni mzee aliyekaa akingoja, kama Yotamu, kama yule fundi baiskeli, aambiwe kosa lake. Machozi yakamtoka mbele ya wazee wote, na hakuyaficha.

Akaenda kwenye gramafoni, akaitoa ile santuri, akapiga magoti mbele ya baba yake, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Hujanikosea, baba. Naomba unitunzie."

Mzee akaipokea. Hakuitazama. Aliipapasa ukingo wote, kisha akapitisha kidole gumba kwenye mistari yake midogo, taratibu, mpaka kikafika kwenye mkwaruzo, kikasimama hapo.

"Hii ndiyo alama yake?"

"Ndiyo, baba."

"Nitaijua."

"Lakini huna gramafoni."

"Sijaomba gramafoni," mzee akasema, akaiingiza ndani ya shuka lake, karibu na kifua. Kisha akamgeukia Liberatus gizani. "Kijana, mrudishe yule mama wa Iringa. Nataka nimwone vizuri, ni mwenzangu sasa."